Kabati la mninga, la MDF au meza ya chakula: lipi libebe tangi la samaki la futi tatu?

Mawe_ya_Kigoma

Heshima kwenu wakuu.

Nina tangi la kioo, urefu sm 90, kina sm 40, kimo sm 45. Kioo ni mm 8 pande zote. Halina fremu ya plastiki juu wala chini, na kuta zimesimama juu ya kitako. Ndani watakaa samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wanaoishi kwenye miamba, kwa hiyo pamoja na changarawe ya sm 5 kutakuwa na mawe kama kilo 15.

Nataka litumie samani iliyopo ndani tayari. Ziko tatu:

A. Kabati la TV la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya mm 16. Urefu 140, kina 40, kimo 50. Lina vyumba vitatu vilivyogawanywa na vizuizi viwili vya wima, mgongo wa hadibodi ya mm 3, na miguu sita ya plastiki ya kufunga kwa skrubu, kila mmoja sm 10.

B. Kabati la vyombo la mninga. Urefu 110, kina 45, kimo 80. Ubao wa juu mm 25. Miguu minne ya sm 6 kwa 6 inatoka sakafuni mpaka juu bila kukatika. Milango miwili, rafu moja, mgongo wa plaiwudi ya mm 6 uliochomekwa kwenye mfereji. Reli ya mbele juu ya milango ni mm 22 kwa 70.

C. Meza ya chakula ya mkongo, sm 120 kwa 75, ubao wa inchi moja.

Nyumba ni ghorofa ya pili, Dar es Salaam, sakafu ya zege yenye marumaru. Naomba kujua lipi libebe, lifanyiwe nini kabla, na kama lazima niweke sponji chini ya tangi. Anayejua kupiga hesabu ya uzito kamili pia anisaidie, maana lita 162 za vipimo vya nje hazinipi jibu.

---

Kioo_na_Silikoni

Mkuu, uzito kwanza, mengine yatafuata.

Kioo: mita moja ya mraba yenye unene wa mm 1 ina kilo 2.5. Kwa mm 8 ni kilo 20 kwa mita ya mraba. Kitako chako ni 0.36, kuta mbili ndefu 0.81, mbili fupi 0.36. Jumla 1.53, sawa na kilo 31 hivi.

Maji: ukitoa unene wa kioo, ndani una 88.4 kwa 38.4. Ukijaza mpaka sm 41 kutoka kitako cha ndani unapata nafasi ya lita 139. Humo changarawe ya sm 5 ni kama kilo 25 na yenyewe inafukuza lita 9 mpaka 10 za maji. Mawe ya kilo 15 yanafukuza karibu lita 6. Yanabaki maji halisi lita 123 au 124.

Jumlisha: kioo 31, maji 124, changarawe 25, mawe 15, na weka 5 za mfuniko, taa na filta. Kilo 200. Ni watu wazima watatu wamekaa juu ya kabati usiku na mchana bila kuinuka, na hilo la kutoinuka ndilo linaloumiza mbao. Ubao unaobeba mtu kwa dakika kumi bila tatizo unaweza kuendelea kushuka kidogo kidogo kwa miezi ukiachiwa mzigo uleule.

Kuhusu kioo chenyewe: kioo hakipindi kufuata kabati. Kabati likishuka katikati, kitako kinabaki kimeshikwa kwenye ncha mbili. Kabati likisokoteka, kona moja inabaki hewani na silikoni ya kona ile inavutwa. Na punje moja ya changarawe iliyobaki chini ya kitako inatosha kuanzisha ufa, kwa kuwa uzito wa sehemu ile yote unaishia kwenye nukta moja.

Sponji: kwa tangi lako lisilo na fremu, ndiyo, weka. Stairofomu ngumu ya mm 10 au 12, ile inayokataa kubonyea kwa kidole, au mkeka wa mazoezi wa mm 6. Kata kwa ukubwa uleule wa kitako. Kwa matangi yenye fremu ya plastiki chini, usiweke kitu: kioo chake kimening'inia ndani ya fremu, na sponji itakisukuma kutoka chini. Sponji ya godoro sahau kabisa, inabonyea bila mpangilio. Na hata stairofomu nzuri kazi yake ni kumeza vinundu na mikwaruzo ya ubao. Haiponyi kabati lililopinda.

---

UlimiNaTundu

Niongee upande wa useremala.

Watu hutazama samani na kuuliza "itavunjika?" Kilo 200 hazipondi MDF wala mninga, mbao zina nguvu nyingi sana za kusimama wima. Samani hushindwa kwa njia tatu: ubao wa kulala unapinda, kabati zima linalala upande kama mstatili unaogeuka msambamba, au maji yanaingia kwenye kingo na mbao inavimba. Basi ukisimama mbele ya kabati, fuata uzito kwa macho kutoka kwenye kioo hadi sakafuni. Kila mahali unapoona uzito umekaa katikati ya ubao wa kulala bila kitu chini yake, hapo ndipo pa kufanyia kazi.

A, la MDF: vile vizuizi viwili vya wima vinaonekana kama nguzo, lakini chini vimekalia ubao wa mm 16, na ubao ule umekalia miguu ya plastiki ambayo mara nyingi haiko chini ya vizuizi. Kila mguu umeshikwa na skrubu nne fupi ndani ya MDF. Mgongo wa hadibodi umepigwa misumari midogo, kwa hiyo hakuna kinachozuia kabati kulala upande ukilisukuma. Viungo ni vile vya kufunga kwa kuzungusha, vinashika vizuri mpaka vikilegea mara moja, basi. Tena kina chake ni 40 sawasawa na tangi, kioo kitakaa ukingoni kabisa. Mimi nalikataa kwa tangi hili.

C, meza: miguu iko kwenye kona, tangi linakaa katikati. Uzito unapita kwenye ubao wa juu uliotanda zaidi ya sm 60 kati ya reli na reli. Ukilisogeza juu ya reli ya upande mmoja, upande ule utashuka kuliko mwingine na tangi litainama. Inawezekana kuongeza mihimili miwili ya kukatiza chini ya ubao, ila bado una meza isiyo na mgongo wala mbavu ambayo kila anayepita anaiegemea. Iacheni iwe ya chakula.

B ndilo. Miguu inayotoka chini mpaka juu ni nusu ya kazi, na mgongo uliochomekwa kwenye mfereji unazuia kuyumba. Lakini usilipandishie tangi lilivyo. Kabati ni 110, tangi 90, miguu sm 6. Ukiliweka katikati, ncha za tangi zinaishia sm 4 ndani ya miguu, yaani kilo zote 200 zimekaa kwenye ubao wa juu na reli, hakuna hata moja inayoshuka moja kwa moja mguuni. Reli ya mbele ina nafasi ya sm 98 kati ya mguu na mguu. Kwa mninga wa mm 22 kwa 70 unaobeba nusu ya mzigo, tarajia ishuke kama mm 2 siku ya kwanza, na baada ya miezi iongeze karibu mara mbili. Reli ingekuwa na kimo cha mm 40 badala ya 70, ungeongelea sm nzima, kwa sababu kimo cha mbao kinahesabiwa mara tatu: ukigawa kimo kwa mbili, kupinda kunaongezeka mara nane.

Dawa ni nguzo ya katikati. Kipande cha mninga au mkongo, sm 5 kwa 5, pale milango miwili inapokutana, kutoka chini ya reli ya mbele. Kingine nyuma, chini ya reli ya nyuma. Halafu kipande cha 5 kwa 7 kilichosimama kwa ubavu kiunganishe reli mbili hizo, kikigusa ubao wa juu kwa chini katikati. Nafasi ikigawanywa mara mbili, kila nusu inapinda chini ya moja ya kumi na sita ya ilivyokuwa.

Kosa ninaloliona kwenye kazi za watu: nguzo inakalishwa juu ya ubao wa chini wa kabati, na ubao ule uko sm 8 au 10 juu ya sakafu, hauna kitu chini. Umehamisha tatizo tu. Chini ya ubao ule, palepale chini ya nguzo, weka kitako cha mbao kinachogusa sakafu. Kata kitako kikiwa kirefu kwa mm 1, kipige msasa mpaka kiingie kwa kubana kidogo. Kikiingia kwa kulegea hakibebi kitu mpaka reli ishuke kukifuata.

Gundi ya mbao na skrubu za mm 50, mbili kila kiungo, toboa kwanza. Mninga ukiupiga skrubu bila kutoboa karibu na ncha unapasuka.

---

StimaNaMaji254

Nakubaliana na fundi kuhusu B, lakini A nisingelitupa. Hapa Nairobi kabati za MDF ndizo zimejaa kila nyumba, na si wote wana kabati la mninga.

Kwa tangi dogo la 60 kwa 30 kwa 30, ambalo likijaa lina kama kilo 70, kabati la MDF la namna hiyo linafaa ukilifanyia haya: ng'oa miguu ya plastiki yote. Tengeneza fremu ya saiprasi ya inchi mbili kwa nne iliyosimama kwa ubavu, ukubwa wa kitako cha kabati kasoro sm 2 kila upande, na uweke kipande cha kukatiza chini ya kila kizuizi cha wima. Kabati likae juu ya fremu hiyo. Ng'oa hadibodi ya mgongo, weka plaiwudi ya mm 12, gundi na skrubu kila sm 15 kuzunguka kote na kwenye vizuizi pia. Tangi liweke juu ya kizuizi kimoja, ncha yake moja ifike kwenye ukuta wa pembeni wa kabati. Usiliweke katikati kwa sababu panapendeza.

Na kama mtu anataka kubaki na sura ya kabati la TV kwa tangi la kilo 200, aende kwa fundi wa kuchomelea atengeneze fremu ya chuma, kabati lifanywe ganda tu.

---

UlimiNaTundu

Kwa kilo 70 sawa, sina ubishi. Ila kingo za MDF uzizibe. Uso wake una karatasi ya plastiki, maji yanateleza. Kwenye ukingo uliokatwa na kwenye matundu ya skrubu yanaingia, na MDF ikishavimba hairudi. Chipbodi ni mbaya zaidi, inamung'unyika. Paka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, ikauke, msasa, halafu vanishi mara tatu.

---

Skwea_Paipu

Kwa kuwa chuma kimetajwa, niweke vipimo vya tangi la 90 kwa 40 na stendi ya kimo cha 75, mtu asiende kwa fundi mikono mitupu.

Skwea paipu (bomba la chuma la mraba) ya inchi moja na nusu, geji 16, yaani unene wa kama mm 1.5. Fremu ya juu na ya chini: vipande vinne vya sm 90, na vya kina vinne vya 32.4 vinavyoingia katikati. Miguu minne ya sm 67.4. Vya kukatiza kwenye fremu ya juu viwili, 32.4 kila kimoja. Paipu mbili ndefu zinatosha: ya kwanza inatoa vipande vinne vya 90 na miguu mitatu, ya pili inatoa vilivyobaki na unabaki na zaidi kidogo ya mita tatu.

La muhimu ambalo mafundi hulipindua: fremu ya juu ikae JUU ya miguu. Wengine husimamisha miguu mpaka juu na kuchomelea paipu za kulala kwa ubavuni, kwa hiyo mzigo wote unaning'inia kwenye weldi. Ikikaa juu, weldi inashikilia tu, anayebeba ni chuma.

Weldi huvuta chuma kikipoa. Fundi ashike kona zote kwa vidoa vidogo kwanza, apime mshazari na mshazari uwe sawa, ndipo amalize, akibadilisha kona kila mara. Weldi za juu zisagwe ziwe bapa. Rangi ya kuzuia kutu ipite mpaka chini ya miguu. Juu weka plaiwudi ya mm 18, ndipo stairofomu.

Bila mgongo, fremu ya geji 16 yenye weldi nzuri haiyumbi kwa kimo hicho. Kwa kimo cha mita moja ningetaka kipande cha mshazari nyuma.

---

BoritiZaUkoko

Assalaam alaykum. Mimi swali langu ni la sakafu. Niko Unguja, nyumba ya Mji Mkongwe, ghorofa ya kwanza, dari ya chini ni boriti za mikoko na mawe ya chokaa juu yake. Tangi la mita moja, kama kilo 250. Kabati ni la msaji na ni imara, sina wasiwasi nalo. Sakafu je?

---

Kioo_na_Silikoni

Waalaykum salaam ndugu yangu.

Tofautisha sakafu ya zege na ya boriti. Zege la nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba ya chumba chote. Mkuu wa swali la kwanza, kilo zako 200 zimekaa kwenye eneo dogo, lakini zege linausambaza mzigo pande zote na chumba chako hakijajaa mizigo ya namna hiyo kila mita. Weka karibu na ukuta wenye mhimili, usiweke katikati ya chumba, na hapo umemaliza.

Sakafu ya boriti ni kitu kingine. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti zenyewe ni fupi, kama mita tatu au chini yake, na kila boriti inabeba ukanda wake. Ukiweka kabati sambamba na boriti, moja au mbili ndizo zinazokula mzigo wote. Liweke likatize boriti, ili urefu wa mita moja uzikalie kadhaa, na liwe kwenye ukuta ambao ncha za boriti zimeingia. Karibu na ncha ndipo boriti inapinda kidogo zaidi. Kwa hiyo kwanza tazama dari ya chumba cha chini ujue zimelala upande gani, na ukiwa hapo tazama ncha zinazoingia ukutani. Ncha yenye unyevu, iliyooza au yenye njia ya mchwa, usilete tangi pale mpaka fundi wa nyumba za kale aikague. Kilo 250 kwenye boriti zenye afya, likiwa ukutani na limekatiza, ningeliweka. Katikati ya chumba, hapana.

---

MamaFilta

Mmesahau waya na maji, na kabati la vyombo lina milango, kwa hiyo kila mtu ataficha vitu ndani.

Pampu ya hewa ikiwekwa ndani ya kabati iko chini ya usawa wa maji. Umeme ukikatika, maji yanaweza kurudi kwa bomba la hewa mpaka kwenye pampu na kutiririka kabatini usiku kucha. Weka vali ya njia moja kwenye bomba, karibu na tangi, na uipulize kwa mdomo kuhakikisha inapitisha upande mmoja tu. Au tundika pampu ukutani juu ya usawa wa maji, ndiyo njia nisiyoitilia shaka.

Waya wa kila kifaa ushuke chini ya soketi sm 10 au zaidi, halafu ndipo upande kuingia. Tone la maji linalofuata waya litadondoka pale chini kabla ya kufika kwenye umeme. Ekstensheni ifungwe kwa skrubu kwenye ubavu wa ndani wa kabati, juu, isilale kwenye ubao wa chini ambako maji yatatuama.

Tundu la waya: plagi yetu ya miguu mitatu inahitaji kama mm 60. Litoboe kwenye plaiwudi ya mgongo, katikati ya eneo, mbali na kingo. Reli msiiguse. Nimeona kwenye picha za watu reli ya nyuma imekatwa pengo la kupitishia mabomba, na ndiyo iliyokuwa imebeba.

Acha sm 8 mpaka 10 kati ya tangi na ukuta, la sivyo hutaweza kutoa filta bila kulimwaga tangi. Na si mbele ya dirisha la jua la mchana: mwani utakuwa wa kijani kila wiki na maji yatapanda joto mno.

---

Mawe_ya_Kigoma

Nimewasoma wote, shukrani sana. Naenda na B. Nguzo mbili za katikati na kipande cha kuunganisha, vitako vinavyogusa sakafu. Nimeangalia, ubao wa chini uko sm 9 juu ya sakafu kama alivyosema fundi.

Yamebaki mawili. Ubao wa juu umepakwa vanishi zamani upande wa juu tu. Na kabla sijaweka kioo, kuna jinsi ya kulijaribu kabati bila kuhatarisha tangi?

---

UlimiNaTundu

Vanishi: paka juu, chini na kwenye ncha za mbao, kote. Ubao uliozibwa upande mmoja unavuta unyevu upande wa pili, unakuwa na mbonyeo. Piga msasa wa 120 halafu 180, futa vumbi, vanishi ya polyurethane mara tatu, na uiache wiki nzima kabla ya kuweka stairofomu. Ikiwekwa mapema inanata na rangi inachubuka. Ndani ya kabati pia paka ubao wa chini, ndio utakaomwagikiwa.

Jaribio: tafuta viroba vinane, kila kimoja kilo 25 za mchanga mkavu. Ni kama lita 16 kwa ndoo. Vipange viwe safu mbili za vinne, kwenye eneo la 90 kwa 40 lilelile tangi litakapokaa. Kabla ya kuvipandisha, funga uzi mwembamba kutoka mguu hadi mguu mbele, umbali wa sm 1 chini ya reli, uukaze. Uzi upite mbele ya nguzo bila kuigusa. Kwa kuwa katikati kuna nguzo, reli itapinda zaidi kwenye nusu ya kila upande, kwa hiyo pima sehemu tatu: katikati ya kushoto, kwenye nguzo, katikati ya kulia. Andika. Pandisha viroba, pima tena baada ya saa moja, siku ya pili, na siku ya tatu.

Mimi napokea mm 1. Mm 2 narudi kutazama kitako cha nguzo, kwa kawaida kimelegea. Namba ikiendelea kubadilika kati ya siku ya pili na ya tatu, kuna kiungo kinachotembea, usiweke kioo.

Mzigo ukiwa juu, fungua na funga milango. Mlango unaokwama au upenyo wa katikati ya milango uliokuwa sawa na sasa umepanuka chini, hizo ni habari za kabati kusokoteka. Sukuma kabati kwa ubavu kwa mkono mmoja. Likitikisika hata kidogo, plaiwudi ya mm 6 imelegea kwenye mfereji: ongeza gundi na skrubu fupi kila sm 15, au weka nyingine ya mm 12 juu yake.

---

Kioo_na_Silikoni

Nyongeza kwenye kulisawazisha, hapo watu hufanya kinyume.

Pimamaji iweke juu ya kabati likiwa tupu, kwa urefu, kwa kina na kwa mishazari yote miwili. Kama kuna mguu ulio juu, kabari zinaingia chini ya mguu wa kabati, juu ya marumaru. Tumia vipande vya plastiki ngumu vya ukubwa wa mguu mzima. Karatasi iliyokunjwa inabonyea na kulowa. Usiweke kabari yoyote kati ya kabati na tangi. Ukishapandisha kabari, kumbuka vile vitako vya nguzo za katikati vimeachana na sakafu kwa kiasi hichohicho, navyo vipate zake.

Futa ubao, futa kitako cha tangi, pitisha kiganja kutafuta punje. Stairofomu, tangi, maji ya theluthi moja. Acha saa chache. Pima. Jaza mpaka theluthi mbili, pima, kisha jaza, ukianza kuweka mawe maji yakiwa nusu. Mawe yakalie kitako au kipande cha plastiki, changarawe ije baadaye. Samaki wa miamba huchimba, na jiwe lililokaa juu ya changarawe litaanguka likichimbwa chini.

Kupima ni hivi: chukua umbali kutoka ukingo wa juu wa kioo mpaka usawa wa maji kwenye kona zote nne. Tuseme mbele kushoto mm 40, mbele kulia 43, nyuma kushoto 41, nyuma kulia 44. Jumlisha kona za mshazari: 40 na 44 ni 84, na 43 na 41 ni 84. Zinalingana, maana yake tangi limeinama tu, halijasokoteka. Mm 3 au 4 za kuinama kwenye kimo cha sm 41 haziongezi shinikizo la maana, macho ndiyo yanayosumbuka. Lakini nyuma kulia ingesoma 47, mshazari mmoja ungekuwa 87 na mwingine 84. Hapo kitako kinavutwa. Toa maji, rudi kwenye miguu ya kabati.

---

Mawe_ya_Kigoma

Nimeelewa. Kuhusu kufunga kabati ukutani, lina kimo cha 80 na kina 45 tu, na kuna watoto ndani.

---

Skwea_Paipu

Funga. Vyuma viwili vya pembe vinavyofika ukutani, skrubu kwenye reli ya nyuma, ukutani plagi za plastiki za mm 8 na skrubu za 60. Havibebi uzito wowote, vinazuia kabati lisije mbele mtoto akiuning'inia mlango. Vifunge baada ya kusawazisha na kujaza maji ya theluthi moja, kabati likiwa limeshakaa. Ukivifunga kabla, vinaweza kulishikilia upande wa nyuma wakati mbele inashuka. Kama mwenye nyumba hataki matundu ukutani, omba kwanza, matundu manne ya mm 8 yanazibika kwa pati.

Na upime tena zile kona nne baada ya mwezi, ukiwa na namba za mwanzo umeziandika ndani ya mlango.